Sadaka Siyo Sabuni ya Pesa

Somo kwa vijana wanaosomea au wanaofanya kazi za fedha
Masomo ya kusoma kwanza: Lk 3:10-14, Lk 19:1-10, Mk 12:38-44



Wapendwa vijana, mtaani tuna msemo kwamba pesa ni sabuni ya roho. Ukiwa nayo, moyo unatakata, uso unang'aa, hata usingizi unakuja wenyewe. Sawa, sina ugomvi na msemo huo, maana hata huku seminarini tukipata nauli ya likizo tunacheka vizuri. Ila kuna msemo mwingine ambao hausemwi kwa sauti, na naona ndio unaoongoza vijana wengi wanaoingia kwenye mabenki, bima, mikopo na uhasibu. Unasema hivi: tafuta pesa kwanza, usiulize sana, ukishapata utatoa sadaka, utajenga kanisa, utasomesha yatima, na Mungu atafurahi.

Yaani sadaka ndiyo sabuni ya pesa. Ninyi mliosoma fedha mnalijua somo la utakatishaji: mtu anachukua pesa chafu, anaipitisha kwenye biashara inayoonekana halali, inatoka ikiwa safi. Leo nataka tujiulize kama inawezekana kutakatisha fedha kwa kuipitisha kwenye kapu la sadaka.

Swali hili halikutoka kichwani mwangu. Limeletwa na msomaji mmoja, binti, aliyeniruhusu kulileta hapa bila kutaja jina wala mji wake. Aliandika:

"Tumsifu Yesu Kristo Frateri. Nina shahada ya fedha. Nilikaa nyumbani mwaka na nusu bila kazi, sasa nina miezi minne nikiwa afisa mikopo. Tunakopesha mama ntilie na wauza mboga. Riba ni asilimia 30 kwa mwezi. Wakichelewa tunakwenda kubeba friji, godoro, tivii. Mshahara huu ndio unalipa ada ya mdogo wangu. Zaka natoa kila mwezi bila kukosa, na ujenzi wa kanisa nimechangia. Je, haitoshi?"

Dada, asante kwa swali la kweli. Nitalijibu, ila nipe nafasi tupite kwanza kwenye Neno la Mungu, halafu kwa walimu wa Kanisa, halafu turudi kwenye meza yako ya kazi.

1. MATHAYO ALIONDOKA, ZAKAYO HATUAMBIWI KWAMBA ALIONDOKA

Kuna vijana wanadhani Mkatoliki safi hawezi kufanya kazi ya fedha. Biblia haisemi hivyo.

Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji pale Yordani na kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia wachome ofisi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa (Lk 3:12-13). Basi. Kazi ibaki, dhuluma iondoke. Mathayo yeye aliitwa, akaacha meza yake ya ushuru, akamfuata Yesu (Mt 9:9). Lakini Zakayo, mkuu wa watoza ushuru kule Yeriko, Injili haituambii kwamba aliacha kazi. Inatuambia kwamba alifungua vitabu vyake vya hesabu.

Hebu tumwangalie huyu Zakayo kwa jicho la mhasibu. Anasema nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Piga hesabu. Nusu imekwenda kwa maskini. Inabaki nusu nyingine ya kulipia dhuluma mara nne. Ili itoshe, mali ya dhuluma haiwezi kuzidi sehemu moja ya nane ya mali yake yote. Kwa hiyo Zakayo hakuropoka kwa furaha ya kutembelewa na Yesu. Alikuwa na haja ya kujua ni shilingi ipi imetoka wapi na ya nani.

Na angalia anavyotenganisha mambo mawili: kuna cha kuwapa maskini, na kuna cha kuwarudishia aliowadhulumu. Hakusema, "Bwana, niliwaibia watu wa Yeriko, kwa hiyo nitawapa maskini wa Yerusalemu." Aliyeibiwa anarudishiwa yeye mwenyewe. Hapo ndipo wokovu unaingia nyumbani kwake.

Sasa twende kwenye Injili ya Marko, sura ya 12. Sote tunamjua mjane maskini aliyetia senti zake mbili kwenye sanduku la hazina. Siku za harambee parokiani huyu mama anahubiriwa sana! Lakini mara nyingi tunaanza kusoma kwenye aya ya 41. Jaribu kuanza nyuma kidogo, kwenye aya ya 38. Utakuta Yesu anawaonya watu juu ya walimu wa sheria wanaopenda viti vya mbele na kusalimiwa sokoni, huku wakila nyumba za wajane na kusali sala ndefu ili waonekane. Halafu hapohapo, aya inayofuata, anatokea mjane mwenye senti mbili.

Jiulize: nyumba yake imekwenda wapi? Marko haelezi. Lakini ameziweka habari hizo mbili jirani, na mimi nikizisoma pamoja siwezi tena kumwona mama yule bila kuwakumbuka wale wenye viti vya mbele. Mtu anaweza kumla mjane siku za wiki, kisha Jumapili akatia sanduku lilelile fungu kubwa kuliko la mjane. Yesu alikuwa amekaa anaangalia sanduku, na hakuvutiwa na ukubwa wa fungu.

Yoshua bin Sira anasema jambo zito zaidi katika sura ya 34: anayetoa sadaka kwa mali ya maskini anamfananisha na mtu anayemchinja mtoto mbele ya macho ya baba yake. Soma mwenyewe taratibu. Sijui kama kuna mahali pengine katika Biblia ambapo sadaka imeelezwa kwa maneno makali kama hayo.

2. WALIMU WETU WALISHALIJIBU SWALI HILI

Kwa sababu nimesoma falsafa, mtanivumilia nikimwita Aristotle. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anazungumzia fadhila ya ukarimu. Wengi wetu tukisikia ukarimu tunafikiria kutoa tu. Aristotle anasema mkarimu anajulikana pia kwa anavyopokea: hachukui mahali pasipostahili kuchukuliwa. Maana yake, ukarimu una milango miwili, wa kutokea na wa kuingilia, na mtu hawezi kuusifia mmoja huku mwingine umeoza.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliuliza swali la dada yetu karibu kama lilivyo, miaka 750 hivi iliyopita. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 32, kipengele cha 7, anauliza: je, mtu anaweza kutoa sadaka kwa mali aliyoipata isivyo halali? Jibu lake ni la mtu makini. Anagawa mali hiyo katika mafungu.

Fungu la kwanza ni mali ambayo ni haki ya yule aliyenyang'anywa, kama mali ya wizi, ya unyang'anyi au ya riba ya dhuluma. Hiyo haitolewi sadaka, inarudishwa kwa mwenyewe. Fungu la pili ni mali ambayo aliyepokea hana haki ya kubaki nayo, na aliyetoa naye hana haki ya kurudishiwa, kwa sababu wote wawili walikosea, kama waliouziana vitu vitakatifu. Hiyo ndiyo iende kwa maskini. Fungu la tatu ni malipo ya kazi ambayo yenyewe ni ya aibu, ingawa malipo hayakuibwa kwa mtu. Hayo yanaweza kutolewa sadaka.

Mnaona? Kanisa halikusema "pesa yoyote tupe." Pia halikusema "pesa yoyote yenye doa itupwe." Limeuliza: hii ni ya nani? Kama ni ya mwenyewe, mrudishie mwenyewe. Katekisimu inafundisha hivyohivyo katika namba 2412, kwamba haki inadai kumrudishia mwenye mali kile kilichochukuliwa isivyo haki. Na namba 2409 inataja kati ya makosa dhidi ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia kutojua au shida ya mtu mwingine. Papa Benedikto XVI naye, katika waraka Caritas in Veritate wa mwaka 2009, anafafanua kwamba upendo unaizidi haki lakini hauwezi kuiruka: siwezi kumpa mtu kilicho changu kabla sijampa kilicho chake.

Hilo ndilo fundisho zima la leo. Ukitaka kulibeba kwa sentensi moja, beba hii: maskini wa kwanza unayepaswa kumhurumia ni yule aliyekaa mbele ya meza yako ya kazi.

3. HESABU NI MAHALI PA UTAKATIFU

Wengine mtasema, "Frateri, hayo ni ya kanisani, kazini ni namba tu." Haya, twende kwenye namba.

Mama anakopa shilingi 1,200,000 alipe kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kuna njia mbili za kukokotoa. Ya kwanza, riba inapigwa kwenye mkopo wote kila mwezi hadi mwisho, hata kama ameshalipa zaidi ya nusu. Hapo kila mwezi ni 24,000, jumla 288,000. Ya pili, riba inapigwa kwenye deni lililobaki. Akirudisha 100,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 24,000, wa pili 22,000, wa tatu 20,000, hadi mwezi wa mwisho 2,000. Jumla 156,000.

Tofauti ni shilingi 132,000. Bango ukutani linasema "asilimia 2" kwa njia zote mbili! Mama hawezi kuiona tofauti hiyo. Wewe unaiona, ndiyo maana ulisoma. Sasa, ukimweleza kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka dole gumba, umetenda tendo la huruma ambalo hakuna atakayelipiga makofi. Ukinyamaza kwa makusudi ili asaini, hizo 132,000 zina historia, hata kama asilimia 10 yake itafika kanisani.

Na kwa yule wa asilimia 30 kwa mwezi, hesabu ni fupi. Amekopa 200,000 na kila mwezi anaweza kulipa riba tu, 60,000. Baada ya miezi 5 amelipa 300,000, na deni bado ni 200,000. Ndiyo maana Watanzania wameiita mikopo ya aina hii "kausha damu." Hawakusubiri mwanafalsafa awaeleze. Siku hizi imehamia hadi kwenye simu: programu inakukopesha kwa dakika tano, ukichelewa inawatumia ndugu na marafiki meseji za kukudhalilisha. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Nyuma ya kila programu kuna kijana aliyeiandika, mwingine anayeitunza, mwingine anayepiga simu za vitisho. Kwa nchi yetu hii, baadhi yao watakuwa wamebatizwa na kupata kipaimara kama wewe na mimi.

Lakini namba hizohizo zinaweza kuokoa. Wahasibu, mnajua nani alichapa maelezo ya kwanza ya namna ya kuandika hesabu kwa pande mbili? Ni mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, katika kitabu chake kilichochapwa Venezia mwaka 1494. Na Wafransisko haohao katika karne ya 15, walipoona maskini wa Italia wanakamuliwa na wakopeshaji, hawakuishia kuhubiri. Walianzisha nyumba za mikopo midogo kwa dhamana ya kitu, kama ile ya Perugia ya mwaka 1462, zikitoza kidogo tu cha kuendeshea shughuli. Wengine walipinga wakasema hata hicho kidogo ni riba. Ubishi uliendelea hadi Mtaguso wa Tano wa Laterani mwaka 1515 ulipoziidhinisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mume na mke, Alphonse na Dorimène Desjardins, Wakatoliki wa mji wa Lévis, Quebec, nchini Kanada. Alphonse hakuwa tajiri. Kazi yake ilikuwa kunakili mijadala ya Bunge kule Ottawa. Mwaka 1897 alimsikia mbunge akieleza habari ya mtu wa Montreal aliyekopa dola 150 na kuamriwa na mahakama alipe riba ya karibu dola 5,000. Wengi walisikia, wakaenda kula chakula cha mchana. Yeye akaanza kusoma na kuwaandikia barua wataalamu wa ushirika wa Ulaya. Tarehe 6 Desemba 1900 yeye na majirani zake walianzisha chama cha kuweka na kukopa cha watu wa kawaida. Amana ya kwanza, Januari 1901, ilikuwa senti 10. Kumi! Ofisi ilikuwa nyumbani kwao, na Alphonse alipokuwa Ottawa kwenye vikao vya Bunge, Dorimène, mama wa watoto kumi, ndiye aliyeendesha chama. Vyama hivyo vilisambaa parokia kwa parokia, na mwaka 1908 Alphonse alisaidia kuanzisha cha kwanza cha Marekani, katika parokia moja ya Manchester, New Hampshire. SACCOS zetu ni za ukoo huohuo. Na hapa kwetu Kanisa lenyewe limeingia kwenye kazi hiyo: Benki ya Biashara ya Mkombozi ilianzishwa na Kanisa Katoliki Tanzania, ikafungua milango mwaka 2009.

Sasa niambie: Desjardins alitoa sadaka kiasi gani kwa maskini? Hatuna haja ya kuuliza. Alitumia kazi ya fedha yenyewe iwe huruma. Hiyo ndiyo hisani inayokaa, kwa sababu inamfanya mtu asihitaji kuomba kesho.

4. KUTOSHEKA NA KUTOA

Tuseme sasa unapata kwa haki. Maswali mawili yanabaki: kiasi gani kinanitosha, na ninatoaje?

Aristotle katika Siasa, kitabu cha kwanza, anatofautisha kutafuta mali kwa ajili ya kuishi vizuri nyumbani, ambako kuna kikomo, na kutafuta pesa kwa ajili ya pesa, ambako hakuna kikomo kwa sababu namba haziishi. Kazi za fedha zina hatari hiyo ya pekee. Mwashi anaona ukuta umekwisha, anashuka ngazi. Lakini anayeshughulika na namba, nani atamwambia imetosha? Ndiyo maana nawashauri: andika kikomo chako kabla mshahara haujapanda. Kodi, chakula, nauli, akiba, wazazi. Ukisubiri upande ndipo uandike, tamaa ndiyo itakayoshika kalamu.

Na msijihukumu bure. Kuna kijana mshahara wake unaishia kwenye ada za wadogo zake na dawa za mama, kisha anajiona hana hisani kwa sababu hajajenga kituo cha yatima. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba upendo una mpangilio, na walio karibu nasi wana dai la kwanza. Ada ya mdogo wako ni hisani mbele za Mungu. Baada ya hapo ndipo tunakuja kwenye ziada, na kwa ziada Thoma hacheki na mtu: anasema kumpa mwenye shida kubwa kutokana na ziada ni amri. Siyo hiari ya siku ukijisikia vizuri.

Kuhusu namna ya kutoa, nitamtaja mtu mmoja. Chuck Feeney, Mmarekani aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland, alitajirika kwa maduka yasiyotozwa ushuru. Mwaka 1982 alianzisha mfuko wa hisani, na baadaye akahamishia humo karibu mali yake yote. Kwa miaka 15 hivi dunia haikujua anayetoa ni nani. Hadi mfuko ulipofungwa mwaka 2020, zaidi ya dola bilioni 8 zilikuwa zimekwenda kwenye elimu, afya na haki za watu. Alifariki 2023, na miaka yake ya mwisho aliishi na mke wake kwenye nyumba ya kupanga San Francisco. Simtaji kama mtakatifu, sina mamlaka hayo. Namtaja kwa sababu kwetu mchango usiposomwa kwenye kipaza sauti tunahisi haujafika. Yesu katika Mathayo 6 anataka mkono mmoja usijue unachofanya mwingine.

Na kumbuka, huna bilioni, lakini una ujuzi. Vikundi vingapi vya VICOBA katika Jumuiya Ndogo Ndogo vinavunjika kwa sababu daftari halieleweki? Saa mbili zako kila mwezi kwenye daftari la akina mama ni sadaka ambayo wenye pesa nyingi hawawezi kuitoa.

5. SASA, DADA YANGU

Swali lako lilikuwa: je, haitoshi? Nitakujibu kwa upendo na bila kuzungusha. Hapana, zaka haiwezi kulipia hilo. Na nadhani unajua, kwa sababu moyo uliotulia hauandiki barua.

Lakini pia usikate tamaa. Teolojia ya maadili inatofautisha mtu anayelikubali ovu na kulitaka, na mtu aliyebanwa ndani ya mfumo ambao hakuutengeneza. Wewe hukupanga ile riba. Hata hivyo kuna mambo yaliyo mikononi mwako tangu Jumatatu. Mweleze kila mteja jumla atakayolipa kwa shilingi, siyo kwa asilimia. Usimshawishi mtu kukopa ambaye unajua hataweza. Uliza kama ofisi yenu ina leseni kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kama haina, jibu lako limerahisishwa. Usiende kubeba godoro la mtu kwa mabavu, hata ukitumwa. Hapo ni mkono wako, siyo mfumo. Kama kuna mteja uliyemficha jambo wewe mwenyewe akapata hasara, mtafute umrudishie, hata kidogokidogo. Na anza leo kutafuta kazi nyingine, ukijiwekea tarehe, ukizungumza na padre muungamishi wako.

Najua gharama yake. Mdogo wako yuko shule. Kwa hiyo hapa nageukia sisi wengine. Ni rahisi kumwambia binti aache kazi Jumapili, kisha Jumatatu tukamwacha na njaa yake. VIWAWA wa parokia, wanajumuiya, mliopo kwenye mabenki na SACCOS zenye nidhamu: nafasi zikitokea mwambieni. Dhamiri safi ya mmoja ni mzigo wa wote.

Na gharama ikionekana kubwa mno, tumkumbuke kijana mwenzetu wa Goma, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alikuwa msomi wa sheria, mwanajumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa mpakani. Walimpa rushwa apitishe shehena ya chakula kilichoharibika, akakataa, kwa sababu kingeliwa na watu. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Angeweza kuichukua ile pesa na kuwanunulia watoto wake wa mitaani mikate mingi sana. Hakufanya hivyo. Alijua kwamba mkate wa mtoto mmoja haununuliwi kwa sumu ya mtoto mwingine.

MASWALI YA KUTAFAKARI (binafsi au katika kikundi)

1. Katika pesa niliyopata mwezi huu, kuna shilingi ambayo kwa haki ni ya mtu mwingine? Ni nani? Nitairudishaje?
2. Mteja wangu angejua ninachokijua mimi kuhusu mkataba huu, angesaini?
3. Kikomo changu ni kiasi gani? Nimekiandika?
4. Ni sadaka gani ninayotoa ambayo hakuna mtu anayeijua?

AZIMIO LA WIKI: Chagua jambo moja tu la haki utakalotenda kazini au chuoni kabla ya sadaka ya Jumapili ijayo. Moja linatosha.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyekaa mbele ya sanduku la hazina ukaona moyo wa kila aliyetoa, kaa pia mbele ya meza zetu za kazi. Utupe macho ya kumwona mtu nyuma ya namba. Utupe ujasiri wa kurudisha kisicho chetu, busara ya kujua kinachotutosha, na furaha ya kutoa kwa siri. Uwakumbuke wote waliobanwa na madeni, na wote waliobanwa na kazi zinazowaumiza dhamiri. Amina.

Mtakatifu Mathayo, msimamizi wa wanaofanya kazi za fedha, utuombee.
Mwenyeheri Floribert, utuombee.